Modemu inakwama kila jioni, nikiizima na kuiwasha inapona. Ndani ya kile kisanduku kuna nini hasa?

#1 MkaziMigosi
Salaam wakuu. Niko Migosi hapa Kisumu, fleti, faiba iliingia mwaka jana, kifurushi cha megabiti 10. Mchana kutwa intaneti inakwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku hivi, video zinaanza kuzunguka, simu za WhatsApp zinakatika maneno, na binti yangu anayesoma mtandaoni anatolewa darasani. Nikichomoa modemu ukutani, nikasubiri kidogo, nikairudisha, mambo yanatengemaa kwa muda, kisha yanaharibika tena. Fundi alikuja, akatazama taa, akasema ziko sawa, akaenda zake. Mimi sitaki kubadilishiwa kisanduku tu. Nataka kuelewa kinafanya kazi gani, na huku kuzima na kuwasha kunatibu nini.

#2 KijanaLanet
Joto hilo. Uko Kisumu, ndugu. Chipu inachemka, inapunguza mwendo, ukiizima inapoa kidogo. Kama umeifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi, kitoe. Sisi Nakuru na baridi yetu hatuna shida hizo.

#3 NyarKibos
#2 acha kutuonea na hali ya hewa. Kama ni joto ingekwama saa nane mchana jua likiwa utosini, si saa mbili usiku kumeshapoa. Omera hapo juu amesema wazi mchana haina neno.

#4 KijanaLanet
Mchana watu wako kazini na shuleni, modemu imekaa bure. Joto la chipu linatokana na kazi pia, si jua peke yake. Bado nashikilia joto.

#5 FundiWaya
Nafunga faiba Kisumu na Kakamega, kwa hiyo nitaeleza ninachokishika kila siku.

Kile kisanduku mnachoita modemu ni kazi kadhaa zilizobanwa pamoja. Kazi ya kwanza ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na kurudisha umeme kuwa mwanga. Unywele mmoja wa kioo unabeba pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mwanga unaoshuka kwako una urefu wa mawimbi wa nanomita 1490 na unaopanda ni 1310, hivyo haugongani. Macho hayauoni wowote kati ya hiyo miwili, na ndiyo maana nawaomba msichungulie ncha ya faiba. Hutaona kitu, na jicho linaweza kuumia.

Juu ya nguzo kuna kigawanyaji, kisanduku kisichotumia stima kabisa, kinachogawa mwanga wa waya mmoja kwenda nyumba 32, wakati mwingine 64. Katika mfumo wa GPON, ambao ndio umeenea, nyumba zote hizo zinagawana gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda. Mwanga unaoshuka unafika kwa kila mtu. Kisanduku chako kinachukua pakiti zako, yaani vipande vidogo vya data, na kuacha za jirani, na za jirani zimefumbwa hata ukitaka kuzisoma. Kupanda ni kwa zamu. Mtambo wa kampuni unapima umbali wa kila nyumba, kisha unaambia kila kisanduku kiwake lini na kinyamaze lini, kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Kikiharibika kimoja kikawaka nje ya zamu yake, kinaweza kuvuruga wote walio kwenye kigawanyaji hicho.

Baada ya hapo ndipo kazi ya ruta inaanza: kugawa anwani kwa simu na televisheni zako, na kukumbuka nani aliomba nini. Kisha waifai, ambayo ni redio tu. Mtu akiniambia modemu imekwama, swali langu huwa ni moja: kazi gani kati ya hizo imekwama?

#6 MwalimuLuanda
Asante #5, somo zuri. Mimi naweka lawama kwenye ile kazi ya kukumbuka. Nyumbani vifaa vyote vinatoka nje kwa anwani moja. Kila programu ikifungua mazungumzo na seva fulani, ruta inaandika kwenye jedwali: simu ya mama, mlango huu, seva ile. Jibu likirudi, inaangalia jedwali ili ijue limpelekee nani. Ukurasa mmoja wa habari unaweza kufungua mazungumzo kadhaa kwa mpigo. Vifaa vya bei nafuu vina kumbukumbu ndogo, jedwali linajaa jioni wote wakirudi, mazungumzo mapya yanakosa nafasi. Ukizima, jedwali linafutika, unaanza upya. Hiyo ndiyo dawa ya kuchomoa.

#7 BondeLaUfa
Mwalimu, heshima kwako, lakini jedwali halisubiri uchomoe. Mazungumzo yaliyonyamaza yanafutwa yenyewe baada ya muda. Kinachotokea Migosi ni foleni ya barabarani. Saa mbili usiku kila mtu kwenye kile kigawanyaji anatazama mpira au tamthilia. Nakuru tunaiona Section 58 na Milimani vilevile, saa za jioni ni saa za jioni.

#8 NyarKibos
Sasa #7, kama ni foleni ya mtaa mzima, mbona yeye akizima yake inapona? Majirani hawajazima zao.

#9 BondeLaUfa
Akizima, kila kitu nyumbani kinaacha kupakua kwa dakika mbili tatu. Ikiwaka, anajaribu video moja peke yake, inakimbia. Kisha vifaa vingine vinarudi kimoja kimoja.

#10 MkaziMigosi
Nimefurahi kuona majibu. Sijafunika na kitambaa, #2. Iko ukutani sebuleni, juu ya televisheni. Taa iliyoandikwa PON ni kijani haipepesi, ile ya LOS imezimika. Vifaa ni simu nne, televisheni moja na laptopu ya binti.

#11 FundiWaya
PON kijani tulivu maana yake kisanduku kimejisajili na mtambo wa kampuni. Ikipepesa, bado inabisha hodi. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki au umefifia kupita kiasi. Lakini taa ya kijani haikuambii mwanga una nguvu kiasi gani, na hapo ndipo fundi aliyekuja alikuacha nusu njia. Ingia ukurasa wa kisanduku kwa kivinjari, anwani imeandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Tafuta sehemu ya hali ya mwanga. Ukiona namba kama hasi 18 au hasi 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) uko vizuri. Ukikaribia hasi 27 uko ukingoni, na kila kitu kidogo kitakuangusha.

Kuna nyumba moja mtaa wa Tom Mboya walilalamika kwa muda mrefu. Nikavuta kabati, nikakuta waya umekunjwa kwenye kona ya ukuta na mguu wa kabati umeukalia. Faiba ikikunjwa mno, mwanga unavuja nje pale kwenye kona badala ya kufuata kioo. Tulipounyoosha na kuuzungusha kwa duara pana, namba ikapanda palepale. Kitu kingine ni ncha. Ile plagi ya kijani imekatwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaoakisiwa usirudi ulikotoka. Ya buluu ni bapa. Ukichomeka kijani kwenye buluu zitaingia kabisa, utadhani zimeshikana, lakini zinaguswa upande mmoja tu na unapoteza mwanga. Na vumbi. Chembe usiyoiona inaziba njia, kwa sababu kiini kinachobeba mwanga kina upana wa maikromita 9 hivi. Mtu akikufungulia plagi akaipangusa kwa shati, mkataze. Kuna vitambaa maalumu na spiriti safi kwa kazi hiyo.

#12 MamaDunga
Habari zenu. Mimi niko Dunga, yangu haina waya, inatumia laini ya simu. Haya ya mwanga yananihusu?

#13 JichoLaMnara
Hayakuhusu, mama. Yako inaongea na mnara kwa redio. 4G hapa kwetu hutumia masafa kama megahezi 800 na 1800. Ya 800 inafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Ya 1800 haifiki mbali vile. Ukiingia ukurasa wake tafuta namba ya nguvu ya mawimbi: hasi 80 ni nzuri, hasi 110 ni shida. Na kuna namba nyingine ya usafi wa mawimbi, hiyo ikiwa chini hata nguvu nzuri haikusaidii, maana minara inapigiana kelele.

Iweke dirishani upande wa mnara, si nyuma ya televisheni. Kama nyumba ni ya mabati, kuta zote zinarudisha mawimbi, kwa hiyo tofauti kati ya katikati ya chumba na dirishani ni kubwa sana. Kwako kuzima na kuwasha kuna maana nyingine kabisa: kikiwaka upya kinachagua mnara upya, na kinaweza kuangukia ambao hauna watu wengi.

#14 MamaDunga
Yangu iko juu ya friji. Naihamishia dirishani leo. Asante mwanangu.

#15 KijanaLanet
Juu ya friji ni joto pia, naomba iandikwe.

#16 NyarKibos
Huyu na joto lake atalala nalo.

#17 Mkandarasi_Busia
Mbona hakuna aliyetaja stima? Jioni watu wakiwasha majiko na pasi, umeme unashuka. Taa za nyumbani Busia unaziona zinafifia. Modemu nayo inakosa nguvu, inachanganyikiwa.

#18 BondeLaUfa
Soma adapta yako, imeandikwa volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka hadi 180, kwake si kitu, inaendelea kutoa volti 12 zilezile.

#19 Mkandarasi_Busia
Adapta mpya, sawa. Iliyokaa ukutani miaka, kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani, zimekauka, ukipima bila mzigo unaona 12 nzuri, kisanduku kikianza kufanya kazi kwa nguvu inaanguka. Nimefungua nyingi, unakuta kichwa cha kapasita kimevimba kama kinataka kupasuka. Kisanduku hakizimiki, taa zinawaka, lakini redio ya waifai inadhoofika. #1 aazime adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile, ajaribu jioni moja. Asichomeke ya volti 12 kwenye kisanduku cha 9, ataunguza.

#20 Wifi_wa_Kakamega
Wakati mko hapo kwenye adapta: Kakamega radi ikipiga, je, faiba inaleta umeme ndani? Jirani modemu yake iliungua mwezi wa nne, na televisheni juu.

#21 FundiWaya
Kioo hakipitishi umeme. Lakini waya mwingi unaotoka nguzoni hadi nyumbani una uzi wa chuma pembeni wa kuubeba, na uzi huo hautakiwi kuingia ndani ya nyumba. Unaishia kwenye ndoano nje. Kama televisheni nayo imekufa, mimi ningeshuku njia ya stima, au kebo ya shaba kati ya modemu na televisheni. Mawingu yakikusanyika, chomoa adapta ukutani na hiyo kebo pia.

#22 MwalimuLuanda
Turudi Migosi. #1, fanya kipimo hiki ili tuache kubahatisha. Laptopu ikiwa kwenye waifai, piga pingi kwenye anwani ya modemu yenyewe, yaani tuma pakiti ndogo upime jibu linachukua muda gani kurudi. Dirisha la pili piga pingi kwenye 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Fanya saa mbili usiku. Ya ndani ikiruka hadi mamia ya milisekunde, shida ni waifai. Ya ndani ikiwa tulivu na ya nje inaruka, waifai haina hatia.

#23 JichoLaMnara
Naongeza kuhusu waifai ya fleti. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli nyingi kwa jina, lakini zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Fleti yenye vyumba ishirini, kila chumba na ruta yake, zote zinasubiriana. Hamia gigahezi 5 kama vifaa vinaikubali, ingawa haipendi kuta nene za mawe. Na baadhi ya visanduku vinachagua chaneli vikiwaka tu. Kwa hiyo ukichomoa na kurudisha, kinahamia chaneli iliyo tupu kidogo. Hiyo nayo inaeleza kwa nini inapona.

#24 Kijogoo_Kanduyi
Mnasumbuka na waya za nini, intaneti si inatoka angani kwa satelaiti?

#25 BondeLaUfa
Hapana. Sehemu kubwa mno ya intaneti ya Kenya inakuja kwa kebo za chini ya bahari zinazotua Mombasa. TEAMS na SEACOM zilianza 2009, EASSy 2010. Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ilitambaa huku taa za modemu zikiwa kijani kila nyumba. Na mwanga unasafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo Mombasa si mbali.

#26 FundiWaya
Marekebisho madogo: 300,000 ni kwenye ombwe. Ndani ya kioo ni kama 200,000.

#27 Kijogoo_Kanduyi
Na mimi sijadanganya. Huku kijijini kwetu sahani ya Starlink iko juu ya paa la shule, na Kenya ilianza Julai 2023.

#28 BondeLaUfa
Sawa, hiyo ni kweli. Na hiyo satelaiti iko kama kilomita 550 tu juu, ndiyo maana inajibu haraka. Zile za zamani zilikaa kilomita 35,786, simu moja ya video ilikuwa taabu. Ila masafa yake ni ya juu, gigahezi 10 na zaidi, na mvua nzito ya Kanduyi inayapunguza nguvu.

#29 MzeeWaKaptembwo
Vijana, sisi tulianza na modemu ya laini ya simu ya waya. Ilikuwa inapiga kelele kwa sababu data yenyewe ilikuwa sauti, ikibanwa ndani ya nafasi ya sauti ya mtu, hezi 300 hadi 3400. Mwisho wake kilobiti 56. Mtu akiinua simu chumba cha pili, barua pepe yako imekufa. Nikisikia mtu analalamikia megabiti 10 namtazama tu.

#30 KijanaLanet
Mzee, shikamoo. Hiyo nayo ilikuwa inachemka?

#31 MzeeWaKaptembwo
Marahaba. Ilikuwa vuguvugu.

#32 MkaziMigosi
Nimerudi na vipimo. Mwanga ni hasi 21 dBm, kwa hiyo nadhani waya uko salama. Pingi ya ndani imekaa milisekunde 2 mpaka 6 wakati wote. Ya 8.8.8.8 mchana ilikuwa tulivu. Saa mbili na nusu usiku ikaanza kuruka, inafika 900, inarudi, inapanda tena. Nikazima modemu, ikatulia, kisha ikapanda. Adapta sijapata ya kuazima.

#33 BondeLaUfa
Nilisema. Mtaa umejaa.

#34 MwalimuLuanda
Subiri #33. Foleni ya mtaa ingekuwa na kupanda kidogo kwa wote, si kuruka hadi 900 na kushuka. Nauliza #1: simu zenu nne zikirudi nyumbani jioni zinapandisha picha na video zenyewe?

#35 MkaziMigosi
Ndiyo. Mke wangu ana biashara ya nguo Kibuye, anapiga picha na video mchana kutwa. Simu inazipandisha ikikutana na waifai.

#36 MwalimuLuanda
Basi sikiliza. Njia yako ya kupanda ina kikomo. Simu ikianza kusukuma video kubwa, kisanduku hakikatai. Kinazipanga kwenye hifadhi yake ndefu zisubiri zamu. Sasa binti akiongea darasani, pakiti yake ndogo ya sauti inaingia nyuma ya mzigo wote huo. Ni mtu mwenye kikombe kimoja aliyesimama bombani nyuma ya mkokoteni wa mitungi ishirini. Hata kushuka kunaharibika, kwa sababu kila unachopakua kinahitaji kithibitisho kinachopanda. Ukichomoa modemu, foleni yote inamwagika, hewa inapatikana mpaka simu ianze tena. Hiyo inaeleza kuruka, inaeleza saa, na inaeleza kupona.

#37 NyarKibos
Mwalimu, juzi ulisema jedwali.

#38 MwalimuLuanda
Jedwali sijalitupa. Ila vipimo vimekuja, nami nafuata vipimo.

#39 JichoLaMnara
Kuna visanduku vyenye kipengele cha kupanga vipaumbele, pakiti ndogo zinapita kwanza. Au weka kikomo cha kupandisha kwa simu ya mama, au aipange ipandishe usiku wa manane.

#40 MkaziMigosi
Jana tulizima kupandisha picha. Darasa la binti lilienda mpaka mwisho bila kukatika, na nashukuru sana. Lakini saa tatu televisheni ilizunguka tena, na pingi ya nje ikafika 200 hivi. Si kama zamani, lakini ipo.

#41 BondeLaUfa
Hiyo 200 ndiyo ya mtaa. Nyote wawili mna haki, mwalimu na mimi. Jaribu saa tatu kupakua faili kubwa kwa kebo. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 700 linatakiwa kumalizika kwa dakika tisa na kitu. Likichukua dakika 25, una ushahidi wa kumpelekea anayekuuzia.

#42 Mkandarasi_Busia
Na adapta hajajaribu. Msifunge kesi.

#43 KijanaLanet
Na feni hajaweka.

#44 Wifi_wa_Kakamega
Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikichomoa kila mvua inapokuja, haisahau nenosiri na mipangilio?

#45 FundiWaya
Haisahau. Mipangilio imeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji stima, hata ukichomoa wiki nzima utaikuta. Kinachofuta ni kile kitundu kidogo nyuma, ukiingiza pini na kushikilia kama sekunde kumi. Usikiguse kwenye modemu ya faiba, kwa sababu kinaweza kufuta na taarifa za usajili ambazo kampuni iliziweka, na hapo hata PON ikiwa kijani hutapata intaneti mpaka waziingize upya.

#46 Wifi_wa_Kakamega
Ungechelewa kidogo! Kijana wangu alikuwa ameshatafuta pini.

#47 MamaDunga
Dirishani imekubali, namba imetoka hasi 108 ikafika hasi 91. Sasa niambieni, hilo dirisha nikiliwekea wavu wa mbu wa chuma, nitarudi nilikotoka?